Mtihani wa Agosti

Mimi ni kinyozi, na kinyozi akinyamaza wateja wanahama. Kwa hiyo nimesema maneno mengi maishani, ya maana na ya upuuzi, na mengi yamefagiliwa pamoja na nywele za watu. Yapo machache ambayo hayakufagilika. Jina langu ni Armand Thibodeau, saluni yangu inatazamana na shule ya sekondari hapa Harlow Falls, na haya ninayoyaeleza ni ya Novemba hii iliyopita. Sijayazoea bado.

Ilikuwa Jumatano, kesho yake Siku ya Shukrani, na saluni ilijaa tangu asubuhi. Hakuna hata mmoja aliyekuja kunyolewa. Walikuja kubishana. Hapa kwetu bata mzinga huliwa mchana, lakini kabla ya hapo, saa nne asubuhi, lazima tukutane na Stanwick kwenye futiboli, ile ya Kimarekani ya kushika mpira mikononi. Stanwick wako ng'ambo ya mto, wana majumba makubwa na uwanja wa nyasi bandia, na walikuwa wametufunga miaka kumi na mitatu mfululizo. Kumi na mitatu! Kuna watoto hapa mjini hawajawahi kuona baba zao wakila bata mzinga kwa furaha.

Na futiboli yetu, mchezo karibu wote uko kwa mtu mmoja, mrushaji. Yeye ndiye anayepokea mpira kwanza, aamue kuurusha, kumkabidhi mwenzake au kukimbia nao mwenyewe, huku majitu ya upande wa pili yanakuja mbio kumwangusha. Ndiyo maana ubishi wa siku ile haukuwa wa timu. Ulikuwa wa vijana wawili: Cody Medeiros wetu na Preston Whitcomb wao.

"Whitcomb amerusha mipira mia mbili msimu huu," alisema Gus Kowalczyk, aliyetusambazia barua mji mzima miaka thelathini mpaka akastaafu. Alikuwa na gazeti, na vidole vilikuwa juu ya takwimu. "Mia moja arobaini na tano imefika. Huyo wenu je?"

"Huyo wenu?" Leo Pacheco aliruka kwenye kiti. Leo ni fundi wa mapaa, na sauti yake ni ya mtu anayeitana na wenzake kutoka juu ya paa. "Huyo wenu? Kwani wewe Gus umezaliwa wapi?"

"Nimezaliwa mtaa wa pili hapo. Na macho nilizaliwa nayo pia."

"Macho gani! Whitcomb ni mtoto wa kulelewa kama yai. Baba yake anamlipia mwalimu wa mkono. Jamani, mwalimu wa mkono! Tangu lini mkono ukaenda shule?"

"Ndiyo maana mpira wake unafika na wa Cody unakwenda kutembelea majirani."

Watu wakaangua kicheko. Leo hakucheka. Leo hachekagi mtu akimgusa Cody, kwa sababu alicheza na baba yake Cody zamani, kabla baba huyo hajafunga virago akawaacha.

"Mguse Whitcomb uone," alisema. "Mguse tu! Mwezi wa tisa alisukumwa kidogo akalala chini akingojea machela. Sasa mtazame Cody. Wiki mbili zilizopita majitu mawili yalimbeba hewani, kichwa kikagonga chini, tukasikia mpaka jukwaani. Akafanyaje? Sema, Gus. Akafanyaje?"

"Aliinuka."

"Aliinuka! Huyo ndiye mrushaji. Kurusha kila mtu anarusha. Mwanaume ni anayeinuka."

"Aliinuka akaenda kusimama na timu ya wapinzani," alisema Gus. "Mpaka refa akamshika mkono akamrudisha."

Tulicheka tena, mimi nikiwa wa kwanza. Nilicheka mpaka nikaweka chini mkasi niliokuwa nausafisha. Naona aibu kulisema hilo, lakini nimeapa nisijipake mafuta katika habari hii.

Basi niseme la mtihani sasa hivi, maana bila hilo hamtanielewa. Kila Agosti, kabla ya msimu, kila mchezaji huketishwa mbele ya kompyuta afanyiwe mtihani wa kichwa. Akumbuke orodha ya maneno, alinganishe maumbo, abonyeze haraka rangi ikibadilika. Alama zake huwekwa. Akija kugongwa kichwa katikati ya msimu, anarudia mtihani uleule. Alama zikilingana na za Agosti, anaruhusiwa kucheza, zikishuka anakaa benchi. Sasa, vijana wajanja waligundua siku nyingi kwamba ukiharibu mtihani wa Agosti kwa makusudi, hata ugongwe uone nyota mchana, alama hazitakuwa na pa kushukia. Siri hiyo nimeisikia kwenye kiti changu miaka nenda miaka rudi. Na Agosti iliyopita, Cody alipokuja kupunguza nywele, mimi, mtu mzima ovyo, nikampa. Hakuniomba. Nilimpa kama mtu anavyompa kijana peremende.

Kwa hiyo alipogongwa akarudia mtihani akafaulu, mji ulisema kijana ana kichwa cha chuma. Mimi nilitabasamu peke yangu nikajiona nimeichezea timu.

Cody aliingia kama saa sita kasoro. Desturi hii ni ya tangu enzi za marehemu baba yangu: siku moja kabla ya mechi ya Stanwick, mrushaji wetu hunyolewa bure kwenye kiti cha mbele, wanaume wote wakimtazama, na kila mmoja anampa neno lake. Alikuwa amevaa fulana ya timu juu ya sweta, na miwani ya jua. Novemba. Mbingu nzima ya kijivu, na yeye kavaa miwani ya jua.

"Oho, nyota wa sinema kaingia!" alipaza Leo. "Tukuombe saini au mechi kwanza?"

Cody alitabasamu nusu mdomo. Alikuja kwenye kiti akakishika kwa mikono miwili kabla ya kukaa. Nikamfunga shuka shingoni. Nilipowasha taa za kioo alifumba macho.

"Mzee Armand, zima hiyo taa kidogo. Inaniumiza."

Nikaizima. Nikawasha mashine, na ile sauti tu ilipoanza, kabla sijamgusa, niliona vidole vyake vimekamata mkono wa kiti mpaka vikawa vyeupe.

"Eti Cody," alisema Gus, "kesho Whitcomb akianza na mirusho ya mbali, mtajibu nini?"

Cody alikawia. Kisha akauliza, "Kesho tunacheza hapa au kwao?"

Saluni nzima ikalipuka. Leo alijipiga mapaja. "Mnasikia dharau hiyo? Stanwick hata hawajui! Hapa au kwao, kwake yote sawa!" Wakagongeana mikono. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, namwona kwenye kioo, na Cody hakuwa anatania. Alikuwa anasubiri jibu.

"Hapa, dogo," nilimwambia taratibu. "Nyumbani."

"Sawa."

Wakarudi kwenye ubishi wao. Gus alisema Whitcomb anasoma uwanja mapema kuliko mrushaji yeyote wa wilaya. Leo akasema kusoma ni kwa maktaba, uwanjani ni kifua. Gus akamwambia debe tupu haliachi kuvuma, Leo akamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani na Gus ameshashindwa tangu tumboni mwa mama yake. Ningekuwa nafurahia. Siku nyingine ningewachochea. Lakini Cody alinigusa mkono kwa chini ya shuka.

"Mzee," alininong'oneza. "Kesho tunacheza hapa au kwao?"

Nikasema kwa sauti kwamba nywele zinahitaji kuoshwa, nikampeleka nyuma kwenye beseni, nikafungua maji yatiririke kwa kelele.

"Tangu lini uko hivi?"

"Hivi vipi?"

"Cody. Usinifanye mjinga."

Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye beseni, macho yamefumba. Aliniambia. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu siku ile, hakijaacha hata saa moja. Darasani maandishi yalikuwa yanahama. Jumatatu alitapika mara mbili, akamwambia mama yake ni samaki wa kantini. Usiku uliopita aliamka hajui choo cha kwao kiko upande gani.

"Na Denise unamwambia nini?" Denise Rourke ndiye anayeangalia afya ya wachezaji pale shuleni.

"Denise ana alama zangu. Nimefaulu, si ulisema nitafaulu?" Akafungua macho. "Kesho kuna kocha wa chuo anakuja kunitazama, mzee. Mimi, si Whitcomb. Whitcomb ana baba. Mimi nisipopata nafasi hiyo ya kusomeshwa bure nitakwenda wapi, nikapande mapaa na Leo? Ni mchezo wa saa mbili tu. Nikishacheza nitalala wiki nzima. Naapa."

"Cody, unaweza kufa."

"Wewe ndiye uliyenifundisha," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake ahadi waliyowekeana, na mimi sikuwa na pa kuuficha uso wangu. Nikazima maji.

Nilimaliza kumnyoa, sijui nilimaliza vipi. Wanaume walimpa maneno yao mmoja mmoja, Leo akambusu utosini, kijana akaondoka zake kuvuka barabara kwenda shuleni, ambako ngoma za timu zilikuwa zimeshaanza. Nikavua koti la kazi.

"Unakwenda wapi?" Leo aliuliza.

"Kwa Denise. Kijana ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini? Amepimwa!"

"Amepimwa uongo. Agosti aliharibu mtihani makusudi. Mimi ndiye niliyemwambia."

Niliwaeleza yote niliyoyasikia kwenye beseni. Leo alisimama, akaenda mpaka mlangoni, akauegemea.

"Armand," alisema, na safari hii alisema polepole, "kila mtu amecheza na kichwa kinamuuma. Mimi nilicheza na mbavu mbili zimevunjika. Kesho ni siku ya kijana huyu. Ukienda kule umemmaliza."

"Nisipoenda je?"

"Usipoenda atacheza, atashinda, keshokutwa atakwenda hospitali. Ni siku moja tu, ndugu yangu! Mrushaji wa akiba ana miaka kumi na mitano, Whitcomb atamla mbichi."

Nilimtazama Gus. Gus alikuwa upande wa Whitcomb asubuhi nzima, nikadhani yeye angalau atanisaidia. Alikunja gazeti.

"Kama amefaulu kwenye karatasi," alisema, "wewe ni nani useme hakufaulu?" Wala hakuniangalia.

Nikiri hapa kwamba niliyumba. Nilisimama pale na koti mkononi, nikawaza miaka kumi na mitatu, nikawaza kocha wa chuo, nikawaza kwamba Leo ana haki na kwamba vijana huwa wanapona. Nilitamani sana Leo anizuie kwa nguvu, ili niseme kesho kwamba nilizuiwa. Lakini Leo ni rafiki yangu, na nilipomfikia mlangoni akasogea.

Denise alikuwa kwenye chumba chake anawafunga vijana plasta za vifundo vya miguu. Nilimwomba awatoe. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua droo akaniwekea karatasi mezani. Alama za Agosti, alama za Novemba. Zililingana kama mapacha.

"Hizi ndizo ninazozifuata," alisema.

"Hizi ni za uongo. Mimi ndiye niliyezitengeneza."

"Unajua unachokisema, Armand? Kesho mji mzima utajua."

"Muulize leo ni siku gani. Muulize mechi iko wapi."

Akamwita. Cody aliingia na miwani yake, kocha wa timu yetu nyuma yake, na akaniona nimekaa. Alielewa papo hapo. Denise akamuuliza mechi iko wapi. "Hapa," akajibu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia. Akamuuliza kuhusu mtihani wa Agosti, kama kuna mtu alimfundisha kuuharibu. Cody hakupepesa.

"Mzee Armand anazeeka," alisema. "Siku hizi anachanganya mambo. Muulizeni mtu yeyote."

Kocha akageuka kwangu. "Umesikia? Nenda nyumbani, mzee. Usituharibie mechi ya kesho."

Sikumlaumu Cody hata kidogo. Nilisimama nikawaambia nitakaa pale mpaka waniitie polisi, na kama kijana akivaa helmeti kesho nitashuka uwanjani nikae katikati, wanigonge mimi kwanza. Naambiwa nilikuwa napiga kelele. Denise alikuwa anamwangalia Cody, na Cody alikuwa ameshika kona ya meza, vilevile alivyokishika kiti changu.

"Vua miwani," Denise alimwambia. Akavua. Akamwangaza kwa tochi ndogo, jicho moja, kisha la pili, akarudia la kwanza. Akaiweka tochi chini taratibu, akamwambia kocha, "Hachezi. Nampigia mama yake." Kocha alipiga teke pipa la taka, Cody akaanza kulia, na mimi nikatoka nikipita katikati ya ngoma na vijana wanaoruka.

Kesho yake saa nne nilikwenda uwanjani, maana nilisema kama kuna kutukanwa nitukanwe usoni. Safu niliyokaa ikabaki yangu peke yangu. Mtoto wa miaka kumi na mitano alirusha mipira tisa akanyang'anywa minne. Whitcomb alikuwa kama Gus alivyosema, mipira yake inafika, na nilimchukia kijana wa watu bila kosa lolote. Tukafungwa thelathini na nne kwa sita. Leo alipita mbele yangu wakati wa kutoka. Nilimwita. Hakugeuka.

Sikwenda kula bata mzinga kwa dada yangu. Nilikwenda kwa akina Medeiros, ghorofa ya pili ya nyumba ya mbao karibu na kiwanda kilichofungwa, nikagonga, hapakuwa na mtu. Nikakaa kwenye ngazi. Baada ya kama saa moja, mama yake Cody, Lucia, akaja na gari, bado amevaa sare ya kufulia nguo kwenye nyumba ya wazee, ya tangu jana yake. Alinipita bila salamu, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nguo za kijana. Ndipo akasimama.

"Denise ameniambia ulivyofanya jana," alisema. "Daktari anasema damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa, kidogo kidogo, tangu siku ile. Wamemfungua usiku, wameitoa. Leo angegongwa hata kidogo, nisingerudi kuchukua nguo za kulalia. Ningerudi kuchukua suti."

"Lucia, nimekuja..."

"Najua ulichojia. Ngoja kwanza. Nataka kitu kimoja. Agosti ulimwambia nini? Usinieleze. Sema kama ulivyomwambia yeye."

Nilimwomba kwa macho anisamehe hilo, naye akangojea.

"Nilimwambia," nikasema, "dogo, siku ya kompyuta usijifanye msomi. Jifanye mjinga kidogo. Sahau maneno mawili matatu, chelewa kubonyeza. Hivyo hata ukigongwa hawatakuweka benchi."

"Halafu?"

"Halafu akauliza, 'Na kichwa changu je, mzee?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikacheka," nilisema. "Nikamwambia kichwa ni chako, lakini mkono huo ni wa Harlow Falls. Naye akacheka. Waliokuwepo walisikia hilo la mwisho tu, nao wakacheka."

"Alikuuliza," alisema. Aliusogeza mfuko kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Mwanangu alikuuliza."

Akashuka ngazi akipita kando yangu, nikasogeza miguu apate njia. Gari likawaka, likaondoka kuelekea hospitali. Nilibaki nimekaa pale kwenye ngazi zao kwa muda mrefu.